Aya ya Thelathini na Nane

Jumamosi nasoma hukumu
kama wengine wasomavyo barua za ndugu:
kwanza mwisho, nijue nani kafa,
kisha mwanzo.
Nje, Shillong inalowa. Misonobari inadondosha maji
juu ya bati la mahakama, na bati halina siri.

Miaka ishirini na sita naandika kuwahusu.
Nawajua kwa mikato yao.
Jaji Kharbuli hasemi sana:
aya chache, msumari, nyundo, kwaheri.
Jaji Hazarika hupanda mlima kwa kuzunguka,
hupumzika njiani,
humpa wakili anayeshindwa kiti na maji,
ndipo amwambie kwamba ameshindwa.
Marehemu Jaji Nongsiej aliandika "kwa masikitiko"
mara tatu tu maishani mwake. Nilizihesabu.
Ile ya tatu niliiandikia makala.

Leo ni Rufaa Namba 117.
Mrufani: Skhemlin Phawa, mjane,
muuza popoo na tambuu stendi ya Khliehriat.
Mjibu rufaa: mwenye shimo la makaa.
Dai: fidia ya mume, Heibor,
aliyeingia siku ya Alhamisi na taa kichwani
katika tundu lisilomruhusu mtu kusimama.
Maji yakaingia nyuma yake.

Shimo halikutoa mwili. Daftari halikutoa jina.
Mjane alileta ndala moja.
Alileta muuza duka
aliyemkopesha Heibor betri asubuhi ile.
Alileta mtoto, akaambiwa mtoto haapi.
Jaji Kharbuli, aya ya 37:
"Mahakama haiwezi kuamuru fidia
kwa ajili ya mtu ambaye hakuna kumbukumbu kwamba alikuwepo."

Nikashika kalamu nyekundu.
Sentensi ya kwanza nilikuwa nayo tayari,
kali, na meno yake yote thelathini na mawili.
Nikageuza ukurasa.

Aya ya 38:
"Kwamba daftari ndilo ushahidi bora,
na lisipotaja jina shauri limekwisha,
ni msimamo uliokwisha kukubalika.
Tazama I. Synrem, Maoni, uk. 212."

I. Synrem ni mimi.

Naukumbuka ukurasa ule.
Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mafua.
Kesi ilikuwa ya kiwanda cha saruji
na walaghai wawili waliochota mishahara ya watu wasiozaliwa.
Nililisifu daftari. Nikaandika, nikajipongeza:
"Wino hauogopi mtu."
Ni kweli, hauogopi.
Sikuuliza kalamu ameishika nani.
Wale walikuwa wafanyakazi hewa;
huyu wa leo, hewa ndiyo aliyoikosa.

Jaji Hazarika ametofautiana, peke yake, kurasa kumi na tisa.
Katika tanbihi ya 6, kwa herufi za sisimizi,
anasema amelishika daftari lenyewe kwa mikono yake:
miezi minane, mwandiko mmoja, kalamu moja,
na hakuna hata alama ya kidole cheusi.
Daftari la shimo la makaa,
jeupe kuliko gauni la ubatizo!
Mawakili hawakuliona hilo.
Na mimi, niape nini, nisingeliona.

Mhariri anataka maneno elfu moja kabla ya saa kumi na mbili.
Nimempelekea mwanzo:
"Ukurasa wa 212 ulikosea."
Amejibu upesi, hana salamu mtu yule:
"Ibanylla, ukurasa haukosei."

Chai imepoa. Ngazi za chini
namsikia mlinzi akikung'uta mwavuli wa jaji fulani,
sijui yupi, miavuli haina mikato.
Nimefuta.
Nimeandika: "Nilikosea."
Neno limekaa peke yake juu ya karatasi
kama ndala ile mezani pa karani.

Bado mia tisa tisini na tisa.